Jani Lililoanguka: Somo kwa Wazazi na Watoto

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo lakini hatutaanza na daftari. Nawaomba mtoke nje kidogo, kila mtu aokote jani moja lililoanguka, kisha arudi nalo.

Haya, mmerudi? Wekeni majani hayo mbele yenu. Hicho ndicho kitabu chetu cha leo.

Kwanza nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilikwenda kulitembelea darasa la watu wazima katika kijiji kimoja karibu na Soni, wilaya ya Lushoto. Mnaijua baridi ya Usambara wakati wa kipupwe. Ukungu hushuka asubuhi, wala mtu hatoki bila koti au shuka. Mbele ya darasa palikuwa na mpichi, ambao wengine huuita mfyulisi. Mti ule ulisimama mtupu kabisa, na majani yake ya njano yalikuwa yametapakaa chini. Mtoto mmoja aliyekuja na bibi yake akaniamkia, kisha akauliza, "Mwalimu, mti huu una nini?"

Mimi nina diploma ya chuo kikuu, nikaona haya kusema kwamba sijui. Nikajibu upesi, "Umekufa. Mwambieni mwenyewe aukate kuni."

Yule bibi hakunibisha mbele ya watu. Alingoja mpaka wenzake walipoingia darasani, akaniita kando, akasema, "Mwanangu, kabla hujasema mti umekufa, ukwaruze kwanza." Akakwaruza tawi kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na rangi ya kijani, tena pana majimaji. Mti ulikuwa hai. Mwezi wa Septemba nilipopita tena, niliukuta umejaa maua ya rangi ya waridi. Kama ningalisikilizwa mimi, mti ule ungalikwisha kuwa majivu.

Tangu siku ile nimeshika mambo mawili. La kwanza, kujaribu ni bora kuliko kukisia, hata kwa mtu aliyesoma. La pili, ninyi mnaojifunza kusoma mnayo elimu ya miti na udongo ambayo watoto wenu hawaioni yote katika vitabu vyao. Msipowapa elimu hiyo, itapotea.

Sasa tujiulize: kwa nini mpichi hupukutisha majani? Ndani ya jani mna rangi ya kijani iitwayo klorofili. Kwa rangi hiyo jani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa kutengeneza chakula cha mti. Kwa hiyo jani ni jiko la mti. Rangi ya njano nayo imo humo humo, ila imefunikwa na ile ya kijani. Baridi ikija, mpichi huanza kupumzika. Huivunja klorofili yake, na kurudisha sehemu ya chakula ndani ya matawi. Kijani ikiondoka, njano iliyokuwa imejificha huonekana. Mwisho kikonyo huachia, jani huanguka, na mahali lilipokuwa hufunga kama kidonda kilichopona.

Katika nchi za baridi, kama Uingereza na sehemu nyingi za Marekani, misitu mizima hugeuka njano na nyekundu kati ya Septemba na Novemba. Kwetu sivyo. Miti mingi ya misitu ya Usambara, kama vile mkulo, huwa na majani mabichi mwaka mzima. Lakini msidhani kwamba haiangushi majani. Huyaangusha kidogo kidogo, huku mengine yakiota. Ingieni katika msitu wa Magamba mtazame chini. Mtakanyaga majani makavu, na chini yake yaliyooza, na chini zaidi udongo mweusi.

Basi, haya ni majaribio matatu ya kufanya na watoto nyumbani. Hayahitaji fedha. Lakini kwanza waonyesheni watoto majani ya kuepuka. Upupu huwasha, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huleta madhara makubwa. Baada ya kazi, wote wanawe mikono.

Jaribio la kwanza ni kupanga majani. Mtoto aokote majani kumi ya miti na mimea mbalimbali. Ayapange kwa namna anavyotaka mwenyewe: makubwa na madogo, laini na yenye kukwaruza. Kisha mwambie atazame mishipa. Jani la mhindi lina mishipa inayokwenda sambamba kama mistari ya daftari. Jani la mharagwe au la mparachichi lina mishipa kama wavu. Sasa weka jani chini ya karatasi, upande wa mishipa ukiwa juu, ukasugue karatasi polepole kwa kalamu ya risasi au kipande cha mkaa. Mishipa yote itatokea. Mtoto akutajie jina la mti, nawe uliandike chini ya picha. Kama hulijui jina la Kiswahili, andika la Kisambaa. Hapo mtoto amejifunza jani, nawe umejifunza kuandika.

Kazi hii si mchezo wa watoto tu. Kule Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na wataalamu wakakusanya majani makavu, wakayabandika katika karatasi na kuyaandika majina. Mwaka 1950 mkusanyo huo ulihamishiwa Nairobi, ambako hata leo watu hujifunza miti kwa karatasi za namna hiyo. Walianza kama mtakavyoanza ninyi, kwa kuokota na kuandika.

Jaribio la pili ni kulinyima jani mwanga. Chagueni jani moja bichi la boga au la mharagwe, likiwa bado katika mmea. Chukueni kipande cha karatasi nyeusi, mlifunike jani katikati, juu na chini, na kukibana kwa kibanio cha nguo. Ngojeni wiki moja au zaidi, kisha mfungue. Mahali palipofunikwa patakuwa pamefifia. Mwulize mtoto, "Pamekosa nini?" Usimjibu haraka. Mwache afikiri. Akisema "jua," amekwisha kuvumbua jambo kubwa kwa akili yake mwenyewe.

Jaribio la tatu ndilo kubwa kwetu tunaolima milimani. Tafuteni chupa mbili za plastiki za maji, zinazolingana. Mtu mzima azipasue kwa kisu upande mmoja, toka bega hadi kitako, ziwe kama mitumbwi miwili. Jazeni udongo wa shambani, mwingi sawasawa. Ule wa kwanza uacheni wazi. Wa pili ufunikeni kwa majani makavu. Zilazeni chupa zote mbili kwa mwinamo kama shamba la mlimani, midomo ikiwa wazi na kuelekea chini, na chini ya kila mdomo wekeni kikombe. Sasa mwagieni kila chupa maji kikombe kimoja, kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, maji yanyeshe kama mvua.

Tazameni vikombe vya chini. Kutoka katika udongo ulio wazi yatakuja maji mengi, tena mekundu ya matope. Kutoka katika udongo uliofunikwa yatakuja machache, tena yenye matope kidogo. Mwambie mtoto, "Matope haya ni shamba letu. Ndiyo mahindi yetu ya mwaka ujao yanakwenda mtoni."

Ndugu zangu, katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Usambara kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Udongo ulikuwa unachukuliwa kweli, lakini watu waliona wanapewa kazi ngumu kwa amri, wakakataa, na mpango ule ukaachwa kabla ya Uhuru. Baadaye, kuanzia mwaka 1981, mradi ulioitwa SECAP ulihimiza kupanda majani ya ng'ombe na miti kukingama mteremko. Wakulima walioona kwamba majani yale yanazuia udongo na pia yanalisha mifugo walikuwa na sababu yao wenyewe ya kuyapanda. Amri husahauliwa. Jambo ulilolijaribu mwenyewe halisahauliki.

Kwa hiyo kesho asubuhi, mkimaliza kufagia uwanja, msiyatie moto majani. Yapelekeni shambani, mkayatandaze kati ya mimea, au myarundike shimoni yaoze yawe mbolea. Mtoto akiuliza kwa nini, msimwambie, "Nyamaza, fanya kazi." Mwonyesheni vile vikombe viwili. Akiuliza jambo msilolijua, msione haya kama nilivyoona mimi. Semeni, "Sijui, twende tukatazame."

Mpaka hapo somo letu la leo limekwisha.

Maswali ya kujibu katika daftari

1. Yule bibi alijuaje kwamba mpichi haujafa?
2. Rangi ya njano ya jani hutoka wapi?
3. Taja tofauti kati ya mishipa ya jani la mhindi na ya jani la mharagwe.
4. Fanya jaribio la tatu na watoto wako. Andika sentensi tatu kueleza mliyoyaona.