TUIPE NJIA HAKI YAKE
(Mada kwa vijana wa Meru na Embu)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mada yetu ni usafiri wa mjini. Pengine utauliza, jamani, usafiri na Ramadhani wapi na wapi? Hebu simama pale Gakoromone mjini Meru, au kwenye stendi ya Embu, saa kumi na mbili jioni. Kila mtu anakimbilia futari. Pikipiki imebeba watu watatu na mkungu wa ndizi, matatu imepanda pembeni mwa barabara, na mama aliyemshika mtoto mkono hana pa kukanyaga. Na katika hao wanaokimbia, sisi tumo.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Waliposema hawana budi, kwani ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwataka basi waipe njia haki yake. Wakauliza haki hiyo ni ipi. Akawatajia kuinamisha macho, kutowaudhi watu, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Kumbe njia nayo ina haki! Leo tuzitazame mbili: kutowaudhi watu, na kukataza mabaya.

HAKI YA ANAYETEMBEA

Wakenya zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka hii ya karibuni, na zaidi ya thuluthi yao ni watu waliokuwa wakienda kwa miguu. Wao hawachomi petroli, hawatoi moshi, wala hawajazi mji magari. Lakini ndio wanaolipa kwa roho zao.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilianza mwaka 2008 kuzihimiza serikali zigawe barabara kwa haki. Yaani lami inapowekwa, watembea kwa miguu na wapanda baiskeli nao watengewe njia yao, si kuachiwa mtaro. Hiyo ndiyo maana ya usafiri endelevu kwa lugha nyepesi: watu wafike waendako bila kuuana, bila kuharibu hewa, na bila mwenye gari kumpora asiye na gari.

Sisi Waislamu kutembea si jambo geni. Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Madina, Mtume (S.A.W.) aliwashauri wabaki majumbani mwao, kwa sababu nyayo zao zinaandikwa. Basi kijana anayekaa mwendo wa dakika kumi tu kutoka msikitini, ya nini kuwasha gari kwenda tarawehe? Na tukifika na magari, mara ngapi tumeyaegesha juu ya njia ya miguu hadi jirani asiye Mwislamu akapita katikati ya barabara? Tumeingia kuswali, na nje tumeacha udhia. Hii tuikubali na tuirekebishe wenyewe, kabla ya kungoja askari wa kaunti.

Dada zetu wanaotembea usiku, buibui jeusi halionekani na dereva. Beba tochi, au vaa kitu cheupe. Tembeeni kwa pamoja, na ndugu zenu wawasindikize.

NDUGU ZETU WA BODABODA

Serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zilienea kila kona, na vijana wengi wetu walipata riziki ya halali. Hatuji hapa kuwatukana. Lakini riziki haihalalishi kupita upande usio wako, wala kubeba watu watatu. Tangu mwaka 2023 serikali inahimiza pikipiki za umeme. Ni jambo zuri, zitapunguza moshi na kelele. Ila pikipiki ya umeme ikimgonga mtoto, mtoto huumia vilevile.

Wewe mwendeshaji unakimbia kwa sababu unataka kufuturu nyumbani. Futari ni tende moja na maji. Ifungulie hapo hapo stegini, kisha uende taratibu. Na sisi wengine tuwapelekee tende hizo. Chama cha vijana kikipeleka kikapu kimoja stegini kila jioni, kitakuwa kimefuturisha wafungaji na kimepunguza mbio.

ABIRIA, SEMA!

Wengi tunakumbuka Februari 2004, sheria za waziri Michuki zilipoanza: mikanda, vidhibiti mwendo, msitari wa manjano. Watu walitembea siku kadhaa kwa kukosa matatu, lakini nidhamu ilirudi. Baadaye ikalegea tena. Kwa nini? Kwa sababu sheria ilimngoja polisi, na abiria alikaa kimya.

Sasa tazama hili. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika vikaratasi ndani ya matatu za safari ndefu hapa Kenya, vikimwambia abiria asinyamaze dereva akiendesha vibaya. Madai ya bima ya ajali katika magari hayo yalishuka kwa nusu au zaidi. Ndipo mwaka 2015 kampeni ikaenea nchi nzima kwa jina la Zusha, ikishirikiana na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Vikaratasi tu, na ulimi wa abiria! Je, si ndiko kukataza mabaya tulikofundishwa miaka zaidi ya elfu moja na mia nne iliyopita?

Nasi tuna njia yetu ya majaribu. Kutoka Meru ukipita Nkubu, Chogoria, Chuka na Runyenjes hadi Embu, lipo daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na kuua watu zaidi ya 30. Ukipanda gari njia hiyo na dereva anashindana na pikapu za miraa, usijifanye umelala. Mwambie kwa adabu: "Dereva, punguza mwendo, tuna familia." Akipuuza, abiria wote waseme.

TUFANYE NINI?

Kampeni haihitaji mabango makubwa. Imamu aseme neno moja Ijumaa kuhusu njia. Vijana wawili wasimame nje ya msikiti waongoze maegesho. Na kaunti inapoita wananchi kujadili bajeti, twende. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti barabara zake, taa za mitaani na maegesho. Tuombe njia ya miguu na taa, tuombe kwa ajili ya mji mzima, si kwa Waislamu peke yao.

Swaumu inatufunza kujizuia. Anayeweza kuuzuia mkono wake usichukue maji kutwa nzima, anaweza pia kuuzuia usikaze mafuta.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awarehemu waliotutangulia kwa ajali, na atufikishe sote nyumbani salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.