Akibisha Hodi, Tumuulize Anataka Nini

(Maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Msambweni)

Tunawashukuru kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka mbali, Kinango na Lunga Lunga, mkaacha shamba na mwani ili tukae pamoja.

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wala visima. Tunazungumza juu ya simu ya kikundi, ile inayokaa kwa katibu. Twaitumia kuangalia bei ya korosho na nazi, na kuingia eCitizen kutafuta huduma za serikali. Programu inayotufungulia tovuti hizo huitwa kivinjari. Kwa simu nyingi ni Chrome.

Sasa tuwaambie yaliyotupata sisi wenyewe mwaka 2024. Tulikuwa twatafuta bei ya korosho, na ukurasa mmoja ukatuomba ruhusa ya kututumia arifa, yaani ujumbe unaojitokeza wenyewe kwenye simu. Hatukusoma. Tulitaka bei tu, tukabonyeza "Ruhusu". Tangu siku ile simu haikutulia. Mara "simu yako ina virusi", mara "umeshinda zawadi". Siku moja ukaja wa kusema tumepata mkopo, tutume kwanza shilingi 3,000. Mweka hazina alikuwa ameshashika pesa za mchango. Bahati njema alimwuliza mwenyekiti, naye akasema, "Mkopo gani ambao hatukuuomba?"

Wengine wakataka tununue simu nyingine. Lakini simu ilikuwa nzima. Ni sisi tuliofungua mlango.

Ndugu zetu, mgeni akibisha hodi twamkaribisha barazani. Hatumpi ruhusa ya kuingia chumbani, si ndivyo? Na tovuti ni vivyo hivyo. Ikiomba kujua mahali mlipo, au kutumia kamera, au kutuma arifa, jiulizeni: kazi tuliyoijia yahitaji jambo hili? Ramani yahitaji kujua mlipo. Bei ya korosho haihitaji. Basi bonyezeni "Zuia".

Na kama mmekwisha kuruhusu, msiogope, ruhusa hurudishwa. Katika Chrome iliyo kwa Kiswahili, bonyezeni vitone vitatu pembeni, kisha "Mipangilio", kisha "Mipangilio ya tovuti". Hapo mtaona Mahali, Kamera, Maikrofoni na Arifa. Fungueni moja moja, mtazame tovuti zilizoruhusiwa, na msizozitaka mzizuie. Hata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema kwamba mtu aliyetoa ridhaa taarifa zake zitumiwe anaweza kuiondoa wakati wowote.

Jambo la mwisho ni saiba. Ukienda Ukunda au Diani kuchapisha karatasi za kikundi, kompyuta ile si yako. Ikikuuliza kama ihifadhi neno lako la siri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kwanza, usifunge ukurasa tu ukaondoka. Ni vizuri pia kutumia kichupo fiche, kwa maana kikifungwa, kivinjari hakiweki kumbukumbu ya kurasa ulizofungua. Lakini hata hicho hakimzuii mtu aliyesimama nyuma yako kuona unachoandika.

Basi tunawapa kazi ndogo. Katika mkutano wenu ujao, fungueni simu ya kikundi mbele ya wanachama wote, muhesabu tovuti mlizoziruhusu. Katibu asifanye peke yake, kwa sababu mlango ni wetu sote. Sisi tulipohesabu tulikuta tisa. Tuliyoijua ilikuwa moja.