MWENDO WA TREKTA LENYE TELA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa Thika na Ruiru kabla ya mavuno ya kahawa)

Ndugu wanachama, madereva, mataniboi, wachumaji, na akina mama mliotoka Ruiru, Juja na Thika,

Tumewaita leo, siku ya mapumziko, kwa sababu moja tu. Mavuno makubwa ya kahawa ya sehemu zetu huanza kama mwezi wa Oktoba na kuendelea mpaka Desemba, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya mvua za vuli. Maana yake ni kwamba wakati ambao matela yana kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote, ndio wakati ambao udongo wetu mwekundu unateleza kama sabuni. Habari ya mshahara tutaisema tena, siku yake ipo. Leo twasema juu ya tela.

Wengi wenu mwakumbuka msimu uliopita. Hatutaji shamba, wala hatutaji dereva, kwa maana hatukuja hapa kumhukumu mtu. Trekta lilikuwa likirudi jioni, likivuta tela la magurudumu mawili. Ndani ya tela mlikuwa na magunia ya kahawa mbichi, na juu ya magunia watu kumi na wanne. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni tela lilianza kulisukuma trekta. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu, tela likaja ubavuni, likapinduka. Mama mmoja alivunjika mguu, na kijana mmoja hakurudi kazini kwa miezi minne. Hakuna aliyekufa, nasi twamshukuru Mungu.

Lakini tulipowauliza wenzetu waliokuwamo, walituambia neno la kweli ambalo halikutupendeza. Wao wenyewe walikuwa wakimpigia dereva kelele aongeze mwendo, kwa sababu wingu lilikuwa jeusi na kila mtu alitaka kufika nyumbani kabla ya mvua. Dereva naye alikuwa na haraka yake, maana alilipwa nyongeza kwa kila safari. Na aliyeweka malipo ya namna hiyo hakuwapo mteremkoni. Kwa hiyo lawama hii, ndugu zetu, tuigawe, kila mtu achukue sehemu yake.

KWA NINI TELA SI KAMA GARI

Dereva mzuri wa gari anaweza kuwa dereva mbaya wa tela, asipojua mambo mawili.

La kwanza ni uzito. Matela mengi madogo ya mashambani hayana breki zake. Breki za trekta ndizo zinazosimamisha trekta, tela, magunia na watu pia. Trekta la tani tatu likivuta tela la tani tano, breki zilizotengenezewa tani tatu zinaambiwa zishike tani nane. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga breki haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kwenye kilomita 50 kwa saa, chombo kinakwenda karibu mita 14 kwa kila sekunde. Kabla mguu wako haujafika kwenye breki, umekwisha kupita urefu wa matrekta kadhaa. Mtoto aliyetoka katika ua wa shule hana habari ya hesabu hiyo. Wewe ndiwe unayepaswa kuijua.

La pili ni kuyumba. Mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli, mkono wa tela unanyanyuka, na tela linaanza kuchezacheza kama mkia wa mbwa. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na kuelekea mbele kidogo, ili ndoano ibebe uzito. Kwa tela dogo la kuvutwa na pikapu, karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela na mzigo wake ilale juu ya ndoano. Tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafla, wala usiongeze mafuta ukidhani utalinyoosha. Shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, uache mwendo upungue wenyewe.

Wale wanaovuta matenki ya maji wasikilize hapa. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Tenki lililojaa kabisa limetulia. Tenki la nusu ndilo la hatari, kwa sababu maji hukimbilia upande mmoja kila unapokata kona, na tela likafuata maji. Kwa hiyo usidhani kwamba ukiwa na maji nusu waweza kukimbia mara mbili.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Trafiki ya Kenya yasema kwamba ndani ya mipaka ya mji au kituo cha biashara, gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Ruiru ni mji, Juja ni mji, Thika ni mji. Tangu mwaka wa 2004, magari ya abiria na magari makubwa ya biashara yametakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80. Namba hizo ni mwisho wa kamba. Si kazi uliyopewa uimalize kabla ya saa sita. Trekta lenye tela lisilo na breki halina haki ya kutafuta hata hiyo 50.

Wala si sisi peke yetu tunaosema hivi. Kule Uingereza, motokaa katika barabara ya kawaida ya nje ya mji inaruhusiwa maili 60 kwa saa, lakini ikivuta tela inaruhusiwa 50 tu. Ujerumani, ambako kuna barabara kuu zisizo na kikomo cha mwendo kwa motokaa, mwenye tela kwa kawaida anaambiwa asipite kilomita 80. Anayevuta kitu apunguze: jambo hili limekubaliwa na watu wengi wenye barabara nzuri kuliko zetu. Na Waingereza hao, mwaka wa 1865, walikuwa na sheria kwamba mtambo wa mvuke barabarani usizidi maili 4 kwa saa, na mtu atangulie mbele kwa miguu akishika bendera nyekundu. Twaweza kucheka. Lakini aliyeitunga sheria ile alijua kitu kimoja, kwamba chombo kizito kisichosimama upesi lazima kiwaonye watu mapema.

Kwa njia za ndani ya mashamba, sisi katika chama twapendekeza kilomita 20 kwa saa, na mteremkoni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Msiseme njia hizo ni zetu wenyewe. Zamani zilikuwa za matrekta na baiskeli. Leo mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwa viwanja, nyumba zimejengwa, na njia ile ile inapitwa na bodaboda, matatu na watoto wa shule. Na ile barabara kuu ya Nairobi mpaka Thika, iliyokamilishwa mwaka wa 2012, magari hupita kama risasi. Ukiweza kupita barabara ya pembeni, pita huko. Na usivuke kwa trekta ila mahali palipowekwa pa kuvukia.

KABLA YA KUONDOKA

Dereva na taniboi wakague pamoja, kila asubuhi na kila baada ya kubadilisha tela:

1. Pini ya ndoano imeingia mpaka mwisho, na kifungio chake kipo. Msumari au kipande cha waya si kifungio.

2. Mnyororo wa usalama umefungwa, ili ndoano ikiachia tela lisiende peke yake.

3. Pedeli mbili za breki za trekta zimefungwa pamoja kwa komeo lake. Shambani tunazitenganisha ili tugeuke upesi. Barabarani, ukikanyaga moja tu, trekta litageuka ghafla na tela litakupanda.

4. Matairi ya tela yana upepo sawa pande zote mbili, na nati za magurudumu zimekazwa.

5. Taa za nyuma zinawaka, na vibao vinavyong'aa usiku vimepanguswa matope. Tela lisilo na taa jioni ni ukuta uliosimama katikati ya barabara.

Mteremkoni, ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, kabla ya kuanza kushuka. Wako wenzetu wanaoweka gia huru ili waokoe dizeli. Dizeli ya kikombe kimoja haifai kununuliwa kwa mguu wa mama wa watu. Gia ikiwa huru, injini haikusaidii kushika mzigo, na ukitaka kuirudisha huku tela linakusukuma, mara nyingi haitarudi.

Wakati wa kurudi nyuma, taniboi ashuke asimame mahali ambapo dereva anamwona. Dereva asipomwona taniboi, asimame.

JUU YA KUPANDA WATU

Tela limetengenezwa kubeba mizigo. Halina viti, halina cha kushika, na mtu aliyekaa juu ya magunia ni mtu aliyekaa juu ya kitu kinachotembea. Twajua kwamba kutoka shamba la mbali hadi kambini ni mwendo mrefu, na mama aliyechuma tangu alfajiri amechoka. Ndiyo maana hatuwaambii tu msipande. Twamwambia mwajiri alete lori au basi lenye viti.

Na haki zenu mzijue. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake mara moja, na mpaka hatari hiyo iondolewe asilazimishwe kurudi mahali pale. Dereva akisema "pini hii imelika, siondoki," anatii sheria. Si mkaidi. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yahesabu kuwa kazini mfanyakazi anayesafirishwa kwenda au kutoka kazini kwa chombo cha mwajiri. Kwa hiyo akiumia njiani, asiambiwe kwamba saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Toeni habari upesi, mtaje walioona, mkamwone daktari siku ile ile, na karatasi zote mzihifadhi.

TUNAYOTAKA

Kwa mwajiri twaomba matatu. Nyongeza ya kulipwa kwa idadi ya safari iondolewe, dereva alipwe kwa siku, kwa maana malipo ya safari ni kununua haraka. Kila trekta liwe na daftari la kuandika ubovu, na fundi atie sahihi baada ya kutengeneza. Watu na mizigo visichanganywe.

Kwa madereva twaomba moja: usikubali kuhimizwa, wala na meneja, wala na nyapara, wala na sisi abiria wako.

Kwa wachumaji pia moja. Mvua ikitanda, msimpigie dereva kelele. Nguo zilizolowa hukauka juani kwa saa moja. Yule mama wetu wa msimu uliopita yuko hapa nasi leo, amekaa mstari wa mbele. Alipotoka shambani jioni ile alikuwa akitembea kama sisi sote. Leo amekuja na mkongojo. Alituomba tuseme maneno haya kwa niaba yake, nasi tumeyasema.

Mjumbe wa kila shamba achukue nakala ya karatasi hii, aibandike penye ghala la matrekta, na awasomee wasiojua kusoma.

Umoja ni nguvu.