Kivuko: Maji Kwanza, Chombo Baadaye



Nilipopeleka ripoti yangu ya vijito vya Muheza ikachapwe, mhariri alikata neno "kivuko" kila lilipotokea, akaandika pembeni: "Hapa hakuna chombo." Kwake kivuko ni pantoni, basi. Magazeti yametuzoesha hivyo, hasa tangu pantoni ya MV Nyerere ilipozama kule Ukara, Septemba 2018. Wapo na wasomi wanaomuunga mkono: mahali, wanasema, paitwe "kivukio", na "kivuko" kibaki jina la chombo.

Hoja hiyo haina mashiko. Majina yanayoanza na ki- na kuishia na -o hayajawahi kuchagua upande. "Kifuniko" ni kifaa, "kituo" ni mahali, na sijasikia konda akikaripiwa kwa kutosema "kitulio". Na ile mistari myeupe barabarani tunayoiita kivuko cha waenda kwa miguu, injini yake iko wapi?

Sarufi mnaijua, lakini haisemi maana ipi ilitangulia; twende mtoni. Kitabu nisichochoka kukifungua ni kile cha Leopold, Wolman na Miller cha mwaka 1964, kinachoeleza mienendo ya mito. Wanaonyesha kwamba katika mto wa kokoto kina kirefu na kifupi hupokezana, na penye kina kifupi hujirudia kila baada ya umbali wa takriban mara tano hadi saba ya upana wa mto. Mto wa mita 10, basi, kila mita 50 hadi 70 una tuta la kokoto chini yake. Hapo maji hutandaa, hukimbia juu ya mawe, hufanya viwimbi na kelele. Mto ukijaa, mteremko wa uso wa maji hulingana, na mtu wa ukingoni haoni tena pa kina wala pa mawe. Ningeweza kukaa usiku kucha kwenye sura hiyo moja.

Bibi yangu hakuisoma. Pale mto Zigi alipandisha khanga, akapapasa kwa fimbo, akatuambia: palipo peusi na kimya msikanyage, piteni panapopiga kelele. Masika kelele humezwa, lakini njia bado inaishia palepale. Mwenye mtumbwi ataufunga hapo, na jina la mahali litaupanda.

Mtaniambia huenda maana zote mbili zilizaliwa siku moja. Sarufi inaruhusu, nakiri. Hata hivyo sisadiki. Watu walilowa miguu kabla ya kuchonga mtumbwi, na anayeonywa asimtukane mamba kabla hajavuka mto hakuketi ndani ya pantoni.

Nawaomba wahariri wa kamusi: chini ya "kivuko", andikeni kwanza sehemu ya mto yenye kina kifupi inayovukwa kwa miguu. Chombo kifuate.