Siku 90 za Kumsubiri Unayemdai

(Maneno niliyozungumza na vijana wa chama kwenye semina ya jimbo, yameandikwa karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Najua mmeshiba wali, ila msisinzie, leo tunaongea hela.

Kuna kijana mwenzetu, fundi seremala, alitengenezea halmashauri moja madawati ya shule. Mkataba anao, hati ya kupokelewa madawati anayo. Anadai milioni 4 na laki 2. Mwaka wa pili huu anazungushwa: njoo Jumatatu, mhasibu kasafiri, fungu halijaingia. Kachoka, kaenda mwenyewe mahakama ya wilaya kufungua kesi. Ikatupwa. Siyo kwamba hadai, anadai sana tu. Kakosea mlango.

Mlango wenyewe uko kwenye Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ya mwaka 1967. Kabla hujaishitaki serikali unatoa notisi ya siku zisizopungua 90 kwa ofisi unayoidai, unaeleza msingi wa dai lako, na nakala unampelekea Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Siku zikiisha, unafungua Mahakama Kuu. Siyo wilayani. Milioni 4, Mahakama Kuu! Piga hesabu ya nauli, lodji na wakili, uniambie fundi anabaki na nini.

Haya mambo yana historia. Sheria hiyo ilivyorekebishwa mwaka 1974, hukuweza kuishitaki serikali bila ridhaa ya Waziri. Yaani unamwomba unayemgombania akuruhusu umshitaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ikasema kifungu hicho kinavunja Katiba. Ndipo mwaka 1994 ikaletwa hii notisi ya siku 90 badala ya ridhaa.

Mimi, niseme ukweli, sina ugomvi na notisi yenyewe. Mdaiwa akipewa muda anaweza kulipa bila kesi, na hela ya kesi ni kodi yetu. Ugomvi wangu ni marekebisho ya mwaka 2020. Zamani ukiidai halmashauri notisi ilikuwa siku 30, na dai dogo lilisikilizwa mahakama za chini. Sheria namba 1 ya 2020 ikazibeba halmashauri, wakala na mashirika ya umma, ikayaweka yote kwenye kapu la serikali kuu. Sasa siku ni 90 kwa wote, na lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu kwenye kesi. Usipomuunganisha, shauri linabatilika, hata kama ushahidi wako umejaa gunia.

Na ukishinda je? Mali ya serikali haikamatwi. Ukimdai jirani, dalali wa mahakama anabeba mpaka makochi. Serikali unapewa hati ya mahakama, unaipeleka, unasubiri walipe. Wewe uchelewe kodi ya fremu siku tatu tu uone kufuli.

Mtu ataniuliza, wapinzani mnataka nini? Dai ambalo mahakama ya wilaya ingelisikiliza kama mdaiwa ni mtu binafsi, lisikilizwe hapohapo wilayani hata mdaiwa akiwa halmashauri. Na hukumu iwe na tarehe ya mwisho ya kulipwa. Basi. Katiba ibara ya 107A inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, sisi tunaongeza kwamba na Bunge liache kuyatengeneza.

Ila msikae kusubiri sheria ibadilike, kwa sababu muda wa ukomo nao unatembea. Dai la mkataba ni miaka 6, la madhara miaka 3, na lile la fidia kwa jambo lililofanywa kwa mujibu wa sheria ni mwaka 1 tu. Hilo la mwisho limewaliza wengi.

Notisi ya fundi wetu tunaiandika Jumamosi, saa nne asubuhi, hapahapa ofisini. Mwenye dai kama lake aje na mkataba, risiti na kila barua aliyogongewa muhuri. Nakala tatu tatu, jamani, mashine yetu ya fotokopi mnaijua.