Kinga ya Waya na Kinga ya Mtu

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Itaka, Wilaya ya Mbozi



Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi ambako wazazi wetu walisomea kwa koroboi. Sharika zetu nazo zinaingiza umeme katika nyumba za watumishi na shule za awali. Hiyo ni baraka. Lakini tulipopitia bajeti mlizotuletea tuliona jambo moja: fedha zikipungua, taa hazifutwi wala soketi hazifutwi. Kinachofutwa kwanza ni kinga.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika nyumba moja ya mwinjilisti tuliyoisimamia, sakiti breka ya ampea 10 ilikuwa ikijikata kila jioni. Fundi akaitwa, akaweka ya ampea 32, usumbufu ukaisha, nasi tukashukuru. Baada ya muda familia ikasikia harufu ya plastiki inayoungua juu ya dari. Tulipofungua tulikuta waya umekuwa mweusi.

Tuhesabu pamoja. Jagi la kuchemshia maji lilikuwa la wati 2000, jiko la umeme wati 1500, pasi wati 1000. Jumla ni wati 4500. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 20, na zote zilipita katika waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya taa. Ile breka ndogo ilikuwa inatuonya kila jioni. Sisi tukamwondoa mlinzi kwa sababu alikuwa anapiga kelele.

Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: breka hupimwa kwa unene wa waya, si kwa wingi wa vyombo. Ikijikata mara kwa mara, punguzeni mzigo au wekeni waya mwingine unaofaa. Msiweke breka kubwa zaidi. Na wenye fyuzi za zamani, msifunge waya mnene wala msumari mahali pa fyuzi.

Neno la pili: breka ya kawaida hulinda waya, haimlindi mtu. Umeme wa miliampea 30 tu ukipita kifuani unaweza kuzuia pumzi, na ukizidi kidogo huvuruga mapigo ya moyo. Breka ya ampea 16 huruhusu zaidi ya mara 500 ya kiasi hicho bila kujikata. Mtoto anaweza kupigwa shoti na breka ikabaki imewaka.

Kifaa kinachomlinda mtu huandikwa RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukivuja miliampea 30 kupitia mwili au ukuta wenye unyevu, hukata chini ya theluthi moja ya sekunde. Kinahitaji kuandamana na ethi iliyozikwa vizuri, maana udongo wetu hukauka sana kiangazi. Hata hivyo, mtu akishika nyaya zote mbili kwa pamoja, hakitambui. Hivyo tahadhari haiishi.

Ndugu zetu, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila bajeti ya umeme iwe na mstari wa RCD na ethi, na mstari huo usifutwe. Pili, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aandike ndani ya boksi kila breka inalinda nini. Tatu, kila kamati imteue mjumbe wa kubonyeza kile kitufe chenye herufi T kila mwezi. Umeme usipokatika, kifaa kimekufa, kibadilishwe.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: kifaa hiki hakitaonekana katika picha ya siku ya uzinduzi. Taa ndizo zitakazoonekana. Lakini mkiona mstari huo katika maombi yetu, msiuone kuwa ni nyongeza. Mkiona haupo, tuulizeni kwa nini.

Watoto wa shule ya awali hawajui kusoma boksi la umeme. Sisi tunajua sasa.