Tutayarishe watu mbele ya mambo kubadilika
(Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama, Kanyabayonga)



Sisi tunaotembea vijijini kwa kazi hii tumeona jambo moja: mabadiliko yanaumiza zaidi pale watu walikuwa hawajaambiana kitu.

Mkumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, ikabeba watu zaidi ya 2,200. Kwa mitaa mingi ya Beni na Butembo, gari na wageni vilifika mbele ya maelezo. Uvumi ukajaza nafasi. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Lakini pale wazee, wachungaji na wamama wa soko walielezwa kwanza, na familia ikaruhusiwa kushuhudia mazishi ya mtu wake, milango ilifunguka.

Mwisho wa Juni 2024, M23 ilipochukua mji wetu, tulikimbilia Kayna, Kirumba, mpaka Butembo. Kirumba nayo ikachukuliwa siku chache nyuma.

Sasa kurudi nako ni mabadiliko. Unarudi, unakuta mwingine analima shamba lako, na yeye pia amekimbia kwao. Maharagi ni ya nani? Shefu akingojea mpaka panga zitoke, amechelewa. Aite pande zote mbili mapema: aliyepanda avune, kiisha mwenye shamba arudishiwe, na mapatano yaandikwe mashahidi wakiwapo.

Tunaomba viongozi mambo mawili. Kwanza, semeni mnachojua, hata kidogo, na mseme wazi kile hamjui. Pili, kila nyumba kumi ijue wazee wake, wagonjwa, wajawazito, na nani atamshika nani mkono siku ya kukimbia. Hayo yakae kichwani mwa majirani. Karatasi ya majina inaweza kuangukia mikono mibaya.

Kwenu wafadhili: kama msaada ni wa waliorudi tu, jirani aliyebaki, au aliyewapokea, atawaangalia namna gani? Elezeni hadharani nani atapata na kwa sababu gani, mbele ya lori kufika.

Mkutano ujao, kila mtaa utujibu: mama mzee asiyeweza kukimbia, nani atatembea naye?